Jicho la Bimkubwa

Wanawake wa Unguja walipotaka sare za harusi miaka ile, hawakusema wanaagiza kitambaa China. Walisema wanamwagizia Bimkubwa. Walimpelekea kipande cha mfano, kadiri ya kiganja cha mtoto, kikibebwa na msafiri yeyote aliyekuwa njiani, na kontena lilipofika bandarini walikuta majora ya rangi ileile, si nduguye wala binamu yake. Kwa kazi hiyo jina lake lilijulikana toka Malindi hadi Jang'ombe, na mwenyewe alikuwa akilijua. Ukimwambia kwamba ana jicho, hakuangalia chini kwa haya kama wafanyavyo wengine. Alikubali, akakuongezea na mifano.

Jicho hilo alilipata kwa mama yake, aliyekuwa akitia rangi ukili wa mikeka nyumbani kwao Makunduchi, kwenye masufuria yaliyochemka uani. Bimkubwa alikua akijua tofauti ya zambarau ya sufuria mpya na zambarau ya sufuria iliyochoka. Alipofiwa na mumewe hakuona sababu ya kukaa akingoja kulishwa. Akaanza safari za Dubai, na bei za Dubai zilipomchosha akazifuata bidhaa kule zinakotoka. Mwaka tisini na sita akapanga chumba Xiaobei, Guangzhou, katika hoteli ambayo lifti yake ilifanya kazi siku iliyojisikia, ghorofa moja juu ya ofisi ya Ussi.

Ussi alikuwa mtoto wa kaka yake. Alikwenda China kusoma, akamaliza, akabaki kuwapakilia watu makontena. Kichina chake kilinyooka mno, hata wenye maduka wakimtania kwamba anaongea kama msoma taarifa ya habari. Shangazi yake yeye alijua maneno ya kutosha kuuliza bei, kuikataa na kujifanya anaondoka. Mengine yote aliyasema kwa kalkuleta.

Soko la vitambaa lilikuwa ng'ambo ya mto, vichochoro na vichochoro vya maduka yaliyojaa majora mpaka darini, na kila duka na taa zake za tyubu. Bimkubwa hakuziamini taa hizo hata kidogo. Alisema zimewekwa makusudi kumtapeli mtu mzima. Kwa hiyo alikuwa na desturi yake: akishapenda jora, hulibeba begani kama mtoto mgonjwa, akatoka nalo mpaka mlangoni, akalifungua juani, akaweka kile kipande cha mfano juu yake, akatazama. Kisha akalivuta kivulini, akatazama tena. Wachukuzi wa mikokoteni walimzunguka wakilaani kwa Kikantoni, naye akawajibu kwa Kimakunduchi, na hakuna aliyemwelewa mwenzake wala aliyehitaji.

Duka alilolizoea lilikuwa la Bi Liang, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyeuza satini na shifoni. Wenzake walimwita laoban, yaani bosi, na Bimkubwa akamwita hivyohivyo. Bi Liang alimwekea kigoda chake karibu na mlango. Alimpa maji ya moto kwenye gilasi, maana Wachina wa huko wana imani kubwa na maji ya moto, na Bimkubwa akatia humo karafuu zake za mkobani. Wakanywa kimya. Kwa watu wasioweza kuzungumza, walikuwa marafiki wazuri.

Urafiki huo ulivunjika mwanzoni mwa mwaka tisini na tisa, kwa sababu ya harusi ya binti wa Bi Hasna.

Bi Hasna alitaka samawati. Upande wa bibi harusi wote, mashangazi, makungwi, majirani, wavae samawati, ndiyo maana ya sare, ili mtu akiingia ukumbini ajue nani wa wapi. Bimkubwa alichagua, akalitoa jora juani, akalilinganisha, akaridhika, akalipia. Mzigo ukaenda. Ulipofunguliwa Unguja ilikuwa imebaki wiki moja, na kitambaa kilikuwa kijani. Si kijani cha kutisha, ni kile kijani cha maji ya kina kifupi, kizuri tu, ila si samawati. Wakashona hivyohivyo, wangefanya nini. Kumbe upande wa bwana harusi nao walikuwa wamechagua kijani. Siku ya siku ukumbi mzima ukawa wa rangi moja, na mpaka biriani inapakuliwa hakuna aliyejua mgeni wa huku ni nani na wa kule ni nani. Bi Hasna alipiga simu ofisini kwa Ussi. Hakupayuka, na hilo ndilo lililouma.

"Mwanangu kaolewa," alisema, "na mimi mama mtu nimekaribishwa kama mgeni wa bwana harusi."

Bimkubwa hakuwa na shaka nani mkosaji. Yeye aliliona jora lile kwa macho yake, juani, na mfano juu yake. Basi lilibadilishwa baada ya yeye kutoka. Alivuka mto asubuhi ileile akiwa na Ussi wa kutafsiri, akasimama katikati ya duka mbele ya wateja, akasema aliyoyasema. Ussi alitafsiri nusu tu, nusu nyingine ilikuwa haina tafsiri ya kistaarabu. Bi Liang alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama mkwe wake aliyekuwa akikunja vitambaa, akamtazama Bimkubwa, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Bimkubwa alichukua kimya hicho kuwa ni kukiri, akatoka, na kwa wiki nzima akapita Xiaobei mlango kwa mlango akiwaonya Waswahili na Wakongo kwamba duka lile ni la wezi. Watu walimsikiliza. Alikuwa mtu wa kusikilizwa.

Ikabidi atafute duka jingine. Hapo ndipo alipokutana na Mholanzi.

Alikuta mlangoni pa duka asilolijua mama wa Kizungu, mrefu, mvi tupu, suruali ya kiume, amelifungua jora la shifoni nyeupe juani na kulikodolea macho muda mrefu bila kusema. Bimkubwa alifurahi. Miaka yote sokoni hapo hakupata kumwona mtu mwingine aliyejua kwamba kitambaa hutazamwa nje. Akaburuta jora lake, akajipangia nafasi ya jua pembeni yake. Yule mama akacheka, akasogea. Jina lake lilikuwa Tineke, na Bimkubwa akamwita Bi Tina papo hapo, kwa kuwa maisha ni mafupi.

Bi Tina aliingia ndani, akarudi na jora la pili, akamwuliza kwa Kiingereza chepesi lipi kati ya haya meupe mawili ni jeupe zaidi. Bimkubwa aliyapapasa, akayatazama, akamwambia yote mamoja, asipoteze wakati wake, achukue la bei rahisi. Mholanzi alimwangalia kwa mshangao kidogo. Kisha akampa kikaratasi chenye anwani, akamwomba Jumamosi aje kuona kitambaa hiki kitafanya kazi gani.

Bimkubwa alidhani amepata mteja. Jumamosi alijipamba, akamchukua Ussi, wakaenda mpaka kwenye ghala kuukuu la mchele kando ya mto, ambalo chuo kimoja cha sanaa kilimwazima Bi Tina, mgeni wake, kwa msimu ule. Ndani mlikuwa na chumba ndani ya chumba. Kuta zake zilikuwa shifoni nyeupe zilizotandwa kwa ustadi, hata pembe hazikuonekana, na ukisimama katikati hukujua ukuta uko hatua mbili mbele yako au uko mtaa wa pili. Hapakuwa na kitu kingine ila bao refu la kukalia. Bimkubwa alitafuta picha kwa macho huku na huku. Akamwambia Ussi amwulize mama picha zake ameziweka wapi.

Bi Tina alieleza bila kuudhika. Hachori picha. Nyuma ya kitambaa ameficha taa, na mwanga wake unaanza na manjano, halafu unageuka polepole kuwa samawati, polepole mno hata huwezi kuuona ukienda. Utaona tu kwamba umekwisha kwenda. Kila mtu anakaa, anatazama, na akianza kuona rangi ya pili anyanyue mkono. Amefanya hivi katika miji mingi, na hajapata kuona watu wawili wakinyanyua mkono kwa pamoja. Watu wanakaa bao moja, alisema, na kila mmoja yumo chumbani mwake.

Bimkubwa aliona hiyo ni kazi ya mtu asiye na watoto wa kulea. Lakini alikwishafika, na bao lilikuwa la kupumzisha miguu. Akakaa kati ya Ussi na wanafunzi wachache wa Kichina. Wakatazama. Baada ya kitambo msichana mmoja alinyanyua mkono, kisha mwingine, kisha Ussi, kisha wote waliobaki mmoja mmoja. Yeye akangoja. Aliwaangalia kwa jicho la pembeni akaona ni unafiki mtupu, watu wananyanyua mikono wasionekane wajinga mbele ya mgeni. Ukuta ulikuwa uleule. Labda umefifia kidogo, kama chai iliyozidishwa maziwa, basi.

Ussi alimwinamia. "Shangazi, saa hizi ni samawati tupu. Hata shati langu limegeuka."

Ilikuwa neno hilo, samawati. Alitazama shati la Ussi, akatazama ukuta, akatazama mikono yake mwenyewe, na hofu ikamshika, hofu aliyoifahamu vizuri kabla hajaikubali. Akasimama, akasema kichwa kinamwuma, akatafuta mlango kwenye zile kuta zisizo na pembe na asiuone, mpaka Bi Tina alipokuja kumshika mkono.

Nje, kwenye jua la mtoni, Mholanzi alimwomba asimame atazame juu. Alimtazama machoni kwa karibu, moja baada ya jingine, kisha akamwambia Ussi, naye Ussi akamwambia shangazi yake kwa sauti ya chini. Ndani ya mboni mna utando. Ni mtoto wa jicho, kwenye macho yote mawili.

Bimkubwa alikasirika. Alisema macho yake ni mazima, anasoma Kurani bila miwani, anamtambua mtu toka mwisho wa barabara. Akapanda teksi, na siku nyingi zilizofuata hakutaka jambo hilo litajwe. Tumsamehe, maana hesabu yake ilikuwa nzito. Kama Bi Liang ni mwizi, basi macho yake ni mazima na kazi yake ipo. Kama si mwizi, basi jicho alilorithi kwa mama yake limekwisha, jina lake limekwisha nalo, na juu ya hayo amemchafua mtu asiye na kosa mji mzima. Kati ya mambo hayo mawili aliona nafuu Mchina awe mwizi. Alijishikilia hapo kwa meno.

Kilichomwangusha kilikuwa kipande kingine cha mfano. Kilikuja kutoka Wete, kwa mwalimu mmoja kijana jina lake Najat, aliyekuwa anaolewa baada ya Idi. Bimkubwa alikwenda nacho sokoni peke yake. Akachagua jora, akalitoa juani, akaweka kipande juu yake, vikafanana. Akaleta jora la pili, likafanana. La tatu nalo likafanana. Alisimama pale mlangoni na majora yake matatu, mwenye duka akimsisitiza, wachukuzi wakipiga kelele, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuweza kuchagua. Akayaacha yote. Alitembea mpaka ghalani, akamkuta Bi Tina juu ya ngazi akibadilisha balbu, akakaa kwenye lile bao akalia.

Bi Tina alishuka. Hakuwa na Ussi wa kuwatafsiria, kwa hiyo alieleza kwa maneno machache na mikono mingi. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba katika mji mdogo Uholanzi. Uzeeni alipaka mlango wa jirani rangi ambayo mji mzima ulicheka, na mzee akaapa mpaka kufa kwamba wao ndio vipofu. Yeye binti alikuwa na miaka kumi na saba, na alicheka pamoja nao. Baadaye ndipo alipojiuliza, baba aliona nini? Tangu hapo, mpaka mvi zilipomjaa, hajauliza swali jingine. Vyumba vyote alivyojenga ni kwa ajili ya swali hilo.

"Baba yangu hakwenda hospitali," alisema. "Wewe twende."

Wakaenda. Bimkubwa aliogopa kisu, aliogopa kufia ugenini, aliogopa zaidi kuamka akiwa gizani kabisa. Bi Tina aliacha kazi zake akakaa naye kwenye foleni siku nzima, akala naye machungwa, akamshikia mkoba, akasikiliza mkasa wote wa sare za Bi Hasna. Ussi alitafsiri maneno ya daktari: wataanza na jicho la kulia, watatoa utando, wataweka kioo kidogo mahali pake, na jicho la kushoto litafuata mwezi ujao. Asiiname, asilowanishe jicho. Bimkubwa aliuliza kuhusu sijda. Daktari, mwanamke kijana, hakuelewa, na Ussi akaeleza, na daktari akafikiri kwa makini kama mtu aliyeulizwa dawa, akasema aswali akiwa amekaa. Bimkubwa alimpenda kwa sababu hiyo. Siku ya kupasuliwa alishika kidole cha Bi Tina mpaka mlango wa chumba, na manesi walilazimika kumbandua.

Kesho yake walipofungua bendeji, kitu cha kwanza alichouliza ni kama wamebadilisha shuka. Hawakubadilisha. Zilikuwa nyeupe. Alikuwa amesahau kwamba nyeupe iko hivyo, kwamba ina makali. Alitazama shati la Ussi, akakuta lina samawati ambayo hakuwahi kuiona mwilini mwa kijana huyo miaka miwili. Mtandio wake aliouita wa kijivu ulikuwa zambarau. Alitazama mikono yake, akaona mikunjo, akasema kumbe nimezeeka na hakuna aliyeniambia. Ussi alicheka huku machozi yakimtoka. Bimkubwa akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, kisha daktari, kisha nesi, kisha nesi wa zamu ya pili ambaye hakuwa amefanya lolote.

Bi Tina alimpeleka dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo la makazi, nguo zimeanikwa vibarazani ghorofa zote. Akamwambia afunike jicho jipya, atazame kwa la zamani. Nguo zote zilikuwa watoto wa mama mmoja, rangi ya chai. Sasa afunike la zamani. Kila shati likasimama peke yake, jekundu, samawati, jeupe, jeusi. Funika tena. Funua. Bimkubwa alieleza alichokiona, na Bi Tina akamwomba aeleze tena, na tena, kama mtoto anayeomba hadithi ileile. Aliketi kwenye benchi na kiganja mdomoni. Hili la kushoto, alisema, ni kuona kwa miaka uliyoishi, na la kulia ni kuona kwa leo asubuhi.

"Maisha yangu yote nimejenga vyumba ili watu waone hilo," akasema. "Wewe unatembea nalo usoni."

Akakiri kwamba kwa tamaa yake angependa jicho la kushoto liachwe lilivyo. Kisha akajicheka, akamwambia Ussi asimsikilize, waharakishe.

Hapo ndipo Bi Tina alipouliza swali ambalo wengine hawakulifikiria. Daktari alisema utando mnene namna ile hauji kwa mwezi, ni wa miaka. Sare za Bi Hasna ziliharibika Januari. Sawa. Lakini mwaka uliotangulia, na mwaka mwingine nyuma yake, Bimkubwa alipeleka mizigo mingapi Unguja ikafika na rangi yake barabara? Samawati nazo zilikuwemo. Nani aliyekuwa akiona?

Bimkubwa alikaa na swali hilo njia nzima ya kurudi Xiaobei, na usiku hakulala vizuri nalo.

Asubuhi alimwambia Ussi avae viatu. Walivuka mto. Dukani, Bi Liang alikuwa mezani kwake na hakuonyesha kushangaa, alitazama tu kile kioo cha plastiki walichomfunika jichoni. Kigoda bado kilikuwa mahali pake. Bimkubwa hakukaa. Alisema alikuwa mgonjwa wa macho na hakujua, na kwa kutojua huko alimwita mwizi mbele ya watu, na amekuja kuomba radhi, na atakwenda kuisema radhi hiyo katika kila mlango aliokwenda na lile neno baya. Ussi alitafsiri yote safari hii. Kisha Bimkubwa akauliza swali la Bi Tina.

Bi Liang aliendelea kunyoosha kitambaa mezani. Alipozungumza alizungumza taratibu, akimtazama Ussi, si Bimkubwa.

Alisema ilianza zamani kidogo, mwaka wa tisini na saba. Siku moja mteja wake alichagua jora, akalipia, akaenda zake, na kile kipande cha mfano kikasahaulika mezani. Bi Liang alikiweka juu ya kitambaa akaona havifanani. Akadhani mteja ameghairi rangi. Lakini mara ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Basi akawa kila mara anabakisha kipande, na Bimkubwa akishaondoka, analirudisha lile jora shelfuni na kufunga lile la rangi ya mfano. Siku ya kupakia Bimkubwa huja kukagua, anatazama, anaitikia kwa kichwa, anaondoka. Januari mama yake Bi Liang aliugua, naye akaenda kijijini kwao kumwuguza. Mkwe wake hakujua lolote. Alifunga kile alichoonyeshwa kwa kidole.

Ussi alitafsiri neno kwa neno. Yale majora yalibadilishwa kweli, miaka miwili, kama alivyodai. Mara moja tu hayakubadilishwa.

Bimkubwa alikaa kwenye kile kigoda. "Mwulize kwa nini hakuniambia," akasema. "Hata siku ile n'napomtukana. Kwa nini alinyamaza?"

Bi Liang alijibu kwa maneno machache, na Ussi akayatafsiri.

"Anasema, siku ile palikuwa na watu. Angesema kweli, wangejua huoni." Akamgeukia shangazi yake. "Na siku nyingine zote, anasema, ulikuwa ukifurahi sana unapochagua."

Daktari alikuwa amekataza kulia, na Ussi alimkumbusha, na haikusaidia. Bi Liang ndiye aliyeinuka, akachukua pamba safi, akamfutia shavuni chini ya kile kioo cha plastiki, kwa uangalifu, bila kugusa jicho. Bimkubwa alimshika mkono huo, akaubusu kama anavyobusiwa mtu mzima wa nyumbani, na Bi Liang akauvuta kwa haya, lakini hakuuvuta kwa nguvu.

Mengine yalikwenda kama yalivyotakiwa. Bimkubwa alipita Xiaobei milango ileile akila maneno yake moja moja, na mama mmoja Mkongo, Bernadette, alimwambia afadhali angekuja mapema, bei za kule alikohamia zilikuwa za kuua. Jicho la kushoto lilitengenezwa mwezi uliofuata. Kabla Bi Tina hajafunga ghala na kurudi kwao, Bimkubwa alimpikia pilau ofisini kwa Ussi, akamwombea dua ndefu, ya uzima, ya kheri, na ya uongofu pia, maana hakuona kwa nini apunguze. Mpaka leo akihesabu watu waliomfanyia wema duniani, anamtaja Mholanzi baada ya mama yake, na Bi Liang kabla ya Mholanzi.

Lakini siku ile ya kuombana radhi ilikuwa bado haijaisha. Kipande cha Najat wa Wete kilikuwa mkobani, na harusi ilikuwa inakaribia. Bimkubwa alikitoa. Kwa jicho lake jipya aliona rangi yake waziwazi, ya waridi iliyopauka, na toka pale alipokaa aliliona hata jora lake, rafu ya tatu kutoka juu. Angeweza kulionyesha kwa kidole. Akamwekea Bi Liang kile kipande mkononi.

"Mwambie leo achague yeye," alimwambia Ussi. "Mimi n'nataka kumwangalia anavyofanya."

Bi Liang alikwenda kwenye shelfu. Akashusha jora moja, akaweka kipande juu yake, akatikisa kichwa, akalirudisha. Akashusha jingine. Alikwenda nalo chini ya taa, akainama mpaka pua ikakaribia kitambaa, akageuza kipande upande huu na upande huu, hakuridhika, akalirudisha, akavuta ngazi ya rafu za juu. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu aliyezoea kufanya kazi hiyo duka likiwa tupu, na Bimkubwa akamtazama mpaka alipomaliza.